Kipima cha Makuwa

Haya alinisimulia Nakijwa mwenyewe, mjane wa Sengasu, msimu ule mahindi yalipoingiwa na dumuzi tukakaa ukumbini kwangu siku nzima tukichambua punje nzima na zilizotobolewa. Nilimwuliza habari za Ighondo kwa kupitisha kazi tu, kama watu wanavyoulizana. Akaendelea kuchambua, kisha akaanza. Nayaweka kama alivyoyasema, na pale aliponyamaza nimejazia mwenyewe.

Wakati huo Nakijwa alikuwa amebaki peke yake Ighondo. Nyumba zilikuwepo, milango ilikuwepo, hata kamba za kuanikia nguo zilikuwepo, ila wenyewe hawakuwepo. Siku kitu kile kilipoanguka alikuwa ndani ya ndiva, jembe mkononi, akikwangua tope lililokauka. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo wazee wa Upare walilijenga ubavuni mwa mlima. Maji yanajikusanya humo, kisha yanafunguliwa kwa zamu, nyumba hii leo, nyumba ile kesho. Ndiva ya Ighondo ilikuwa haijashika maji miaka mingi. Nakijwa aliikwangua hivyo hivyo kila msimu, maana ndiye aliyeachiwa ufunguo wa mlango wa maji.

"Nilikuwa nafagia chumba cha mgeni asiyekuja," aliniambia.

Kivuli kidogo kikampita mgongoni. Akainua uso, akaona kijisanduku cheupe, ukubwa wa mkate, kinashuka chini ya mwavuli mwekundu, kikiyumba kulia na kushoto kama mtu anayetafuta pa kukaa kwenye msiba. Kikanasa kwenye mgunga juu ya ndiva.

Hakushtuka. Siku zile hata mtoto mchanga alijua kipima. Kila bonde lililokuwa kwenye mgawo wa mvua lilirusha puto lake angani likiwa na kipima chini yake. Puto lilipanda hadi kule ndege hawafiki, likavimba, likapasuka, na kipima kikarudi chini bondeni kwake kikaanza kulia. Sauti yake masikio ya mtu hayakuisikia. Kilieleza joto la pale kilipokaa, ukavu wa upepo, vumbi la udongo, na kilio hicho kiliitwa kiu. Juu huko vyombo visivyo na rubani vilikuwa vinazunguka kama mwewe. Vikiisikia kiu, vinayasukuma mawingu mpaka hapo, vinayanyunyizia chumvi, mvua inashuka. Mahali pasipo na kipima mvua ilipita juu kama mtu asiyekujua.

Na kipima walipewa watu walio wengi. Ighondo walipopungua, kipima chao kiliondolewa na mgawo wao ukaunganishwa na wa Makuwa, bonde la upande wa pili wa mlima. Basi na waliokuwa wamebaki wakafunga virago.

Nakijwa akakitungua kipima kwa fimbo ya panda. Ubavuni kilikuwa na maandishi makubwa, akayasoma taratibu, kidole kikifuata herufi: MIMI NI KIPIMA CHA MAKUWA. SINA HATARI. KATA UZI. ONDOA MABAKI YA PUTO MIFUGO ISIYALE. USINIFUNGUE. USINIWEKE KARIBU NA MOTO. VUTA KAMBA NYEKUNDU, WATAKUJA KUNICHUKUA.

Akakata uzi. Akaviringisha ile mipira iliyopasuka akaifukia, maana mbuzi wake alikuwa hachagui chakula. Kamba nyekundu akaitazama, akaiacha.

Hakuiacha kwa hila. Ighondo ukiokota kitu kisicho chako, jembe lililochukuliwa na maji au kiatu cha mtoto, humwendei mwenyewe kumwita. Kumwita ni kumtangaza kwamba ni mzembe. Unakiweka juu ya jiwe bapa kwenye mdomo wa ndiva, mahali kila nyumba inapopita siku ya zamu yake, na mwenyewe atakichukua kimyakimya bila aibu. Basi Nakijwa akakiweka kipima cha Makuwa juu ya lile jiwe, akarudi kukwangua tope. Jiwe lenyewe jua la mchana lilikuwa linalipiga mpaka mjusi analivuka mbio.

Jioni haijaingia, mawingu yakajaa juu ya Ighondo.

*

Alisimama uani mikono imening'inia. Tone la kwanza lilimpiga kwenye paji la uso, akalifuta akidhani ni ndege. Kisha ikashuka yote kwa pamoja, mvua nene, na udongo ukatoa ile harufu ambayo alikuwa ameanza kudhani aliiota tu. Akakimbilia simu.

Namsifu, binti yake wa pekee, alikuwa Mabandani, walikopelekwa watu wa vijiji vilivyotolewa kwenye mgawo. Yeye na mumewe Mbonea na watoto waliishi chumba kimoja, maji kwa foleni.

"Shikamoo mama. Mbona kelele hivyo? Unakaanga nini?"

"Marahaba. Hebu sikiliza." Akaitoa simu nje ya dirisha, akairudisha sikioni. "Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Wewe unadhani ni nini?"

"Mama, usinitanie. Mimi niko kwenye foleni hapa, sina nguvu za utani."

"Nikutanie nipate nini?"

Akasikia pumzi ya mwanawe ikibadilika, kisha kelele: "Mbonea! Wee Mbonea! Njoo usikie, kwetu kunanyesha! Mama, toa tena simu nje. Itoe, itoe!"

Nakijwa akaitoa. Akasimama mkono wake uko mvuani mpaka ukafa ganzi, na kule Mabandani wakisikiliza.

"Tunakuja," Namsifu akasema mwishowe. "Mvua ikishika, mama, tunakuja. Nani akae huku kwa kupenda?"

*

Asubuhi ndiva ilikuwa na maji mpaka kiunoni. Nakijwa alishuka na jembe na pembe ya kuitia zamu. Shamba lake lilikuwa pale pale chini, angeweza kufungua tu akanywesha, nani angemwona? Lakini maji ya ndiva hayafunguliwi kabla zamu hazijaitwa. Akapiga pembe, akapaza sauti:

"Zamu ya kwa Mrutu!"

Akangoja muda wa mtu kufunga kanga na kushika jembe. Hakuja mtu.

"Zamu ya kwa Makange!"

Kwa Makange walikuwa wachelewaji tangu zamani, kwa hiyo akawangoja zaidi. Akaita kwa Kiangi. Akaita kwa Mshana wa juu na kwa Mshana wa chini. Sauti ikaenda ikagonga mlima, ikamrudia ikiwa imechoka.

"Hapo kuna mtu?"

Jembe likamponyoka. Sauti ilikuwa ya mwanamume na ilitoka juu ya jiwe bapa.

"Hakuna mtu!" akajibu kwa haraka.

"Ah. Na wewe unayejibu?"

"Nimeshakwambia hakuna mtu."

"Basi shikamoo, Bi Hakuna. Mimi naitwa Kajiru, mlinzi wa kituo cha Makuwa. Hicho kijisanduku ni chetu."

"Marahaba," Nakijwa akasema, maana salamu huwezi kuitemea mate. "Kwani hiki kinasikia?"

"Kinasikia upepo, ndivyo kinavyojua kasi yake, na kina kipaza cha kumsemesha aliyekiokota. Leo badala ya upepo nimesikia pembe, na watu wanaitwa. Nikasema kumbe Ighondo wamerudi."

Nakijwa akaokota jembe lake.

"Mama, umekiweka wapi? Maana kinalia kiu ambayo sijawahi kuiona. Vyombo vyote vimekimbilia kwako. Sisi hata ukungu hatukuachiwa."

"Kiko mahali pa vitu vilivyookotwa. Juu ya jiwe."

"Juani?"

"Jua liko kila mahali, kaka yangu."

Kajiru akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi na hana hakika kama mashine bado inafanya kazi. "Kikikaa juu ya jiwe la moto kinadhani dunia inaungua. Lo! Mvua ya bonde zima umeiita kwa jiwe."

"Sasa mbona hamji kukichukua?"

Akamweleza. Zamani vipima vikianguka kwa jirani watu walifuatana na mapanga, wakaumizana. Sheria ikawekwa: kipima kilikoangukia ndiko kilipo, na mtu wa bonde lenye kipima akikisogelea nje ya mpaka wake, bonde lake linatolewa kwenye mgawo. Kukizima kwa mbali nako kulikatazwa, kwa sababu wakubwa fulani walikuwa wakizimiana mvua. Aliyekiokota ndiye mwenye hiari.

"Nikivuta hii kamba nyekundu je?"

"Kitanyamaza, kingoje wakusanyaji. Nao wana foleni kama Mabandani. Hapo wewe hupati mvua na mimi sipati."

"Na nisipovuta?"

"Mama, mahindi yetu yanatoa mbelewele, yakikosa maji sasa hayabebi."

Nakijwa akajuta kuuliza.

*

Mvua ikanyesha tena siku iliyofuata, na ile iliyofuata. Nyasi zikachomoza kwenye vizingiti vya watu. Namsifu akapiga kusema Mbonea ameshaaga kazini. Akapiga tena kusema watoto wanauliza kama ndiva inaogeleka. Nakijwa akasema inaogeleka. Baada ya kila simu alijikuta anashuka mdomoni mwa ndiva, anakaa karibu na jiwe. Aliniambia alikuwa anakwenda kuangalia maji. Lakini maji hayahitaji kuangaliwa mara zote hizo.

"Umeamkaje, Bi Hakuna?" Kajiru alikuwa akisema.

Walizungumza. Kajiru naye alikuwa mpweke, kituo chake kiko kilimani mbali na nyumba za watu, na tangu kipima kipotee watu wa bonde hawakuwa wanampandia kwa maneno mazuri. Walizungumza juu ya mbuzi, juu ya goti la Nakijwa, juu ya mke wa Kajiru aliyekwenda kusalimia kwao na salamu hazikuisha. Juu ya mahindi Kajiru hakusema tena. Hilo ndilo lililomtesa Nakijwa. Angemsihi, angemkasirikia, ingekuwa nafuu.

Siku moja akachokoza mwenyewe. "Mgawo wetu ulipokatwa mlipewa nyie."

"Tulipewa."

"Mkapokea."

"Tukapokea, mama. Hatukuuliza ulitoka kwa nani."

"Basi hii ni yetu inarudi kwa miguu yake."

"Labda," Kajiru akasema. Kisha kwa sauti ya chini: "Majani yamejikunja leo. Sijakwambia ili unihurumie. Ukiniuliza nimeamkaje, hivyo ndivyo nilivyoamka."

Nakijwa akaondoka bila kuaga. Akashinda siku nzima anazibua mifereji isiyokuwa na wa kuitumia. Alitaka mtu mmoja tu wa kubishana naye, amwambie yuko sawa. Ighondo ilikuwa na sheria moja ya maji ambayo kila mtoto aliijua kabla ya kujua kuhesabu: mtu akikuibia maji, mshtaki, mfuate mpaka kwa mababu ukitaka, lakini humfungii maji shamba lake likiwa linatoa mbelewele. Unangoja avune, ndipo kesi inakaa. Sengasu, mumewe, aliwahi kuvumilia hivyo kwa kina Kiangi, akilala akisaga meno, mpaka siku wanamaliza kuvuna. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwao na mashahidi.

Akatafuta kama sheria ile inavuka mlima. Akatafuta asubuhi, akatafuta mchana. Hakukumbuka mtu yeyote aliyewahi kusema inaishia kwenye mpaka.

*

Simu kwa Namsifu aliipiga akiwa amesimama, maana alijua akikaa hataipiga.

"Msije."

"Nini?"

"Mvua hii ni ya Makuwa. Nawarudishia."

"Mama." Namsifu akashusha sauti, ile sauti mtu anayotumia na mgonjwa. "Mama, tumeshafunga mizigo. Chumba tumeshakiachia. Watu wengine wanaingia."

"Mahindi yao yanatoa mbelewele, mwanangu."

"Na ya kwetu yalipokuwa yanatoa mbelewele walikuja na ndoo? Walituuliza? Mama, wewe ni Mpare wa wapi, unarudisha kesi uliyokwisha kushinda!"

"Sijashinda. Nimeokota tu."

"Umekaa peke yako mpaka umezoea. Ndiyo, nasema. Unaogopa tukija!"

Neno hilo lilimwingia. Aliniambia kwamba mpaka leo hajui kama lilikuwa la uongo lote. Akataka kumjibu, lakini simu ilikuwa imekatwa.

Akachukua kikapu, akatandika majani ya mgomba mabichi, akakilaza kipima ndani. Mbuzi akamfungulia. Nyumba hakuifunga.

"Kajiru."

"Naam, mama."

"Usitoke kituoni kwako. Usinisogelee njiani, wakasema umeniibia. Nakuja nacho."

Kule upande wa pili kitu kikaanguka, kikombe labda. "Unakuja kwa miguu? Na hilo goti?"

"Goti ni langu. Na nisikilize vizuri: mkishavuna nakuja kushtaki. Mgawo wa Ighondo nautaka."

"Utamshtaki nani?"

"Nitaanza na wewe, uko karibu."

"Wapare hawa jamani, kesi tu!"

"Na wewe umezaliwa Ulaya?"

*

Njia ya kuvuka mlima ilikuwa imeota miba. Nakijwa alipanda kikapu kichwani, na mawingu yakaanza kupanda naye. Vyombo vya juu vilikuwa vinaifuata kiu ilipo. Kiu ikisogea, mvua inasogea. Ilinyesha nyuma yake, kisha juu yake, kisha nyuma tena, kama mfugaji na ng'ombe wake wasiokwenda sawa. Alipita Kwamlimba, kijiji kilichobaki mahame, akakinyeshea. Alipita shule aliyosoma mpaka darasa la tatu, bati zimeng'olewa, akainyeshea madarasa. Kila mahali alipopita maji yalitiririka kwenye vijia vya watu yakitafuta miguu. Akawa anasema hodi, kwa mazoea tu.

Juu mgongoni mwa mlima akatua kikapu, akakaa.

Upande alikotoka aliiona ndiva, inang'aa kama jicho lililofunguka. Upande wa pili ilikuwa Makuwa, mahindi mpaka mwisho wa macho, marefu, lakini rangi yake si ya kijani wala si ya manjano, ni ile ya kitu kinachokata tamaa polepole. Upepo ulipoyapitia yalikwaruzana kama karatasi.

"Mama," kipima kikasema ndani ya kikapu, "umesimama."

"Napumzika."

"Pumzika."

Akangoja Kajiru aongeze neno. Hakuongeza. Nakijwa alinieleza kuwa kama angesema neno moja tu, hata la kusifu, angegeuka akashuka alikotoka.

"Kajiru, kikikaa hapa juu? Tukigawana?"

"Kitanyeshea mawe. Maji yatashuka kwenye makorongo, yasifike kwako, yasifike kwangu."

"Na wewe huwezi kunidanganya kidogo?"

"Naweza. Ila nawe utajua."

Mvua ikamkuta pale amekaa. Akainama juu ya kikapu akalia, si sana, kiasi cha kumalizana na jambo. Kisha akajitwisha, akaanza kushuka kwa upande wa Makuwa, akiutanguliza mguu wenye goti zima.

*

Kajiru alikuwa mfupi kuliko sauti yake, macho mekundu kwa kukesha. Walisalimiana kwa mikono miwili, kisha hawakujua la kufanya, maana watu waliozoeana kwa sauti wakionana wanakuwa wageni upya. Akakitoa kipima kikapuni kama mtoto anayetolewa kwenye beleko, akakiweka kwenye kibanda chake chenye kivuli. Taa ndogo ya ukutani ikabadilika rangi. "Sasa kinalia kawaida," akasema. "Hakipigi kelele tena."

Mvua ikashuka juu ya Makuwa mchana kweupe. Kule chini watu walitoka mbio, wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakakimbilia mifereji na majembe. Mama mmoja alipita chini ya kituo akamwona Nakijwa mlangoni, maji yakimchuruzika kuanzia utosini.

"We mgeni, ingia ndani, utalowa!"

"Asante, dada," Nakijwa akasema, akaingia.

Kajiru alikuwa anamtazama. "Niwaambie wewe ni nani?"

"Wana kazi. Waache. Watanijua kwenye kesi."

Kajiru akamchemshia uji, akauweka mezani, akakaa aunywe naye. Hakufika katikati ya kikombe. Kichwa kilimwangukia juu ya mkono, usingizi wa siku zote zile ukamchukua kwa mkupuo, mdomo wazi. Nakijwa akakisogeza kikombe asije akakimwaga.

Akavua kanga yenye maji akaianika kwenye kiti, akajitanda gunia kavu. Akampigia Namsifu. Simu ikaita mpaka ikachoka yenyewe. Akapiga tena, ikaita, na safari hii alikuwa anasikiliza tu ule mlio, kwa sababu ulikuwa unalia mahali mwanawe alipo.

Kulikuwa na jamvi pembeni. Akajilaza kwa ubavu, goti likauma, likapoa. Nje watu wa Makuwa walikuwa wanaitana majina shambani, fulani fungua, fulani ziba, na kila aliyeitwa aliitika. Nakijwa akaiweka simu karibu na sikio, sauti yake juu kabisa, kama mtu anayeacha mlango bila komeo. Akawasikiliza wanavyoitikiana. Hakusikia walipoishia kuitana, alikuwa amelala.